Chipu moja ifanye yote?

Ndani ya LHC, mashine ya kugonganisha chembe ya CERN (maabara ya Ulaya ya fizikia) iliyo chini ya ardhi mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, mafungu ya protoni hukutana mara milioni 40 kwa sekunde. Kigunduzi cha piseli cha CMS, mojawapo ya majaribio ya LHC, kilicho sentimita chache tu kutoka yanapogongana, kina piseli za silikoni zaidi ya milioni 120. Huwezi kuvuta waya kwa kila moja, hivyo chipu zilizobandikwa palepale ndizo hukuza ishara, kuchuja na kutunza kinachofaa. Hapo hakuna ubishi. Ubishi ni chipu hizo zibebeshwe mangapi.

ALICE, jaribio jirani kwenye mashine hiyohiyo, wameenda mbali zaidi. Chipu yao ya ALPIDE, iliyosimikwa mwaka 2021, inahisi chembe na kuisoma katika kipande kimoja cha silikoni, chenye unene wa mikromita 50 katika matabaka ya ndani. Kitu chembamba namna hiyo hakiipotoshi sana chembe inapopita, na hiyo ni faida kubwa. Ila ALICE hukabili migongano michache kuliko CMS na jaribio lingine, ATLAS, ambao hata kwa vigunduzi vyao vijavyo wanatenganisha kinachohisi na kinachosoma.

Hofu yangu mimi inatoka mwaka 2017. Chipu ya kuratibu data ndani ya CMS ilikuwa ikipigwa na chembe inaganda, na wasanifu hawakuiwekea njia ya kuianzisha upya. Dawa ikawa kukata umeme na kuurudisha, kama ufanyavyo king'amuzi kikigoma. Umeme ulikatwa kwa kuzima vifaa vya kushusha volti, ambavyo navyo vina chipu yake. Oktoba vikaanza kufa. Baadaye ikagundulika kuwa mionzi ilikuwa imeifanya transista ivujishe umeme, na chipu ikiwa imezimwa, volti ya ndani ilipanda hadi ikaharibika. Dawa ndiyo iliyoua.

Mtetezi wa chipu moja atasema hilo ni kosa la usanifu, si la kuunganisha. Nakubali nusu. Kosa la mchoro wa chipu huzaliwa katika kila nakala, wala halitibiki kwa chuma cha kuchomelea. Vifaa zaidi ya 1,000 vilibadilishwa baridi ile, lakini vipya vilikuwa na chipu ileile. Mwaka mzima wa 2018 mafundi walipunguza volti na kuacha kabisa kuvizima.