Mwewe wa Mikindani na Changu Wangu

Jamani, kabla hamjaendelea kusambaza ile picha yangu na mwewe, mkisema kanibusu, na kunitumia vile vikatuni vya kucheka na machozi, naomba niseme mwenyewe. Mwewe hakunibusu. Alichukua samaki wake. Samaki wangu, yaani.

Nilikwenda Mikindani kumpiga picha mwewe akiruka. Upepo wa kaskazi ulikuwa umeanza, na ndege hupenda kuruka akiukabili upepo. Ukitaka akujie uso kwa uso, upepo uupe mgongo, jua la asubuhi nalo liwe nyuma yako. Pale Mikindani maana yake uingie pwani maji yakipwa, uipe bahari kisogo, utazame mikoko. Shata, yaani muda kamera inaofungua jicho, 1/2000 ya sekunde; kasi ikiwa chini ya hapo ncha za mabawa zinakuwa ukungu. Fokasi ya kufuata, ile inayomwandama ndege anavyosogea. Pointi za fokasi, vile vidoa vinavyoiambia kamera ikaze macho wapi, nikawasha zote, uvivu tu. (Hizo pointi zikumbukeni.)

Njaa ikauma. Kuna mama anakaanga changu pale juu, nikachukua mmoja, nitalipa nikirudi. Sasa mikono miwili imeshika lenzi ya milimita 600, mlitaka nifanyeje? Nikambana mkia kwa meno.

Ndipo mwewe akatokea juu ya mikoko, akashuka.

Mita 30: mabawa yamejaa fremu. Nikabonyeza, picha 10 kwa sekunde, leo ndiyo leo! Mita 20: mabawa hayaenei tena. Nikarudi nyuma hatua moja, aenee. Watoto wanapiga kelele, "Anko! Anko, samaki!" Nikajua wananionyesha wa majini. Hatua ya pili. Mita 10: kamera ikakwama, bafa (pale picha zinaposubiri kuingia kwenye kadi) imejaa, na kwenye kitundu cha kuchungulia naona ukungu wa kahawia unakua tu. Katikati ya ukungu ikashuka miguu ya njano. Nikajiuliza, kweli kabisa nilijiuliza: huyu anashusha miguu, anatua wapi?

Upepo wa bawa ukanipiga shavuni. Mkia wa changu ukachomoka menoni, taratibu, kama mtu anayeng'oa jino kwa heshima. Hatua ya tatu haikukuta mchanga, nikaenda chali.

Tope likanimeza mpaka kiunoni, kamera nimeinyanyua kama mtu anayevusha mtoto mtoni. Wavuvi wakanivuta. Kandambili moja iko huko mpaka leo.

Yule mama alikuja mbio. "Mwanangu, hujaumia?"

"Sijaumia, mama."

"Haya, elfu mbili yangu."

Nyumbani nikafungua kadi. Picha 31, mikoko imetoka safi, majani unaweza kuyahesabu. Pointi zote zikiwaka, ndege wa kahawia mbele ya matawi, kamera inashika matawi. Ningebakiza pointi chache za katikati ningempata.

Mwewe aliyetoka vizuri yuko kwenye simu ya rafiki yangu, ile yenye kioo kilichopasuka. Mabawa wazi, jicho linang'aa, changu kwenye kucha. Chini yake kuna miguu yangu miwili juu. Hiyo ndiyo mnayosambaza.