Kibo na Mita ya LUKU

Mteja akikwambia "nataka picha ya asili kabisa," jiandae. Mama mmoja hapa Moshi, mwenye nyumba ya wageni, alinipa kazi ya kupamba ukuta wa mapokezi kwa picha ya Mlima Kilimanjaro, ya turubai, kutoka pembe hadi pembe.

Nikadamka alfajiri, maana mlima wetu una aibu za bibi harusi: ukichelewa kidogo umeshajifunika mawingu. Nikapiga kutoka juu ya ghorofa. Kilele cha Kibo kushoto, cha Mawenzi kulia, migomba na mibuni chini. Napiga faili ghafi, na faili ghafi hutoka imepauka, lazima uitie mkono. Anayejisifu kwamba yeye hahariri kabisa ananichekesha: hata picha inayotoka kwenye kamera ikiwa tayari, kuna mhandisi aliyeshaamua kiwandani kijani kiwe cha namna gani. Basi nikapunguza ule ukungu wa buluu, nikashusha mwanga wa sehemu zinazong'aa mno ili theluji isiungue, nikakoleza migomba hadi ikafanana na niliyoiona. Nikaishia hapo.

Mama akaitazama weee. "Mwanangu, theluji mbona chache?"

"Ndiyo iliyopo, Mama. Siku hizi inapungua."

"Wageni wangu hawalipii iliyopungua."

Nikaongeza. Akasema anga limepooza, anataka machweo kama ya kwenye kalenda. Nikachukua anga nililopiga Forodhani, Unguja, nikalibandika nyuma ya Kibo. Jua jekundu likawa linachungulia begani mwa mlima. Mama akapiga vigelegele.

Tulipopima ukuta tukakuta mita ya umeme, ya LUKU, iko pale pale Kibo itakapokaa. Lazima turubai itobolewe.

"Utoboe Kibo? Mita 5,895 zote hizo, halafu watu waje kuingiza tokeni katikati? Toboa Mawenzi."

"Mawenzi iko upande wa pili, Mama."

"Zibadilishane! Si ni kompyuta?"

Ni kubofya mara moja tu. Kibo ikahamia kulia, Mawenzi ikapewa mita.

Siku ya uzinduzi watu walijaa. Babu mmoja naye akaja, mwongoza watalii mstaafu, mtu aliyeujua mlima tangu ujana wake. Akasimama mbele ya picha na bakuli la mtori. Kijiko kikagoma njiani.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Hii uliipigia Loitokitok?"

"Hapana babu, hapa hapa Moshi."

"Ukiwa Moshi, Mawenzi iko mkono wa kulia. Ukiiona kushoto, uko Kenya."

Mapokezi yote kimya. Miaka yote tunabishana na majirani kwamba mlima ni wetu, na sasa umegongewa pasipoti ukutani, Moshi mjini, kwa gharama zetu wenyewe.

"Na jua," babu akaendelea, bila haraka. "Kutoka hapa mlima uko kaskazini. Tangu lini jua likazama kaskazini? Ukisema ulikuwa Kenya, basi limezama kusini. Chagua."

Nikajitetea. "Babu, hata National Geographic, jarida kubwa la Marekani, mwaka 1982 walisogeza piramidi za Giza ili zienee kwenye jalada."

"Walizisogeza. Hawakuzipeleka Sudani."

Akasogea karibu, akanyoosha kijiko. "Na hiki hapa juu ya mibuni ni nini?"

Nikainama. Kwenye laptop kilikuwa kidoa cha kupuuza, nikidhani ni kiwingu. Kwenye turubai ya ukuta mzima kilikuwa na ukubwa wa sahani, cheupe, cha pembe tatu, na kamba yake inaonekana. Ncha ya tanga. Bahari ya Forodhani niliikata yote, jahazi nikalisahau.

"Linakwenda Uru au Kibosho?"

Hapo watu wakaachia. Mmoja alicheka hadi soda ikamtokea puani. Mama alikuwa ananiangalia kwa jicho la mtu anayehesabu malipo ya awali. Bahati yangu, kulikuwa na mgeni wa Kenya, mfanyabiashara. Alikuwa ameshajipiga picha pembeni ya turubai na kuirusha kwa ndugu zake.

"Mama, hii inauzwa?"

Jicho la Mama likabadilika. "Kila kitu kinauzwa, baba."

"Na hili tundu hapa Mawenzi?"

"Ah! Hujui Mawenzi ni volkano?"

Wakakubaliana bei ambayo mimi sikuambiwa. Nilikuwa juu ya ngazi naing'oa turubai Mama aliponifuata, akaninong'oneza:

"Mwanangu, tengeneza nyingine. Safari hii iwe ya kweli tupu, babu yule akose la kusema."

"Sawa, Mama."

"Theluji tu ndiyo uongeze kidogo."