Kiti cha kukandwa kwenye banda la korosho: hesabu ya dakika 15

Masaji huku Kusini mwa Tanzania inashitakiwa kwa makosa mawili. La kwanza, ni anasa ya wageni wa hotelini na wakubwa wa miradi ya gesi. La pili, ni kichaka cha mambo mengine yanayofanyika nyuma ya pazia. Mashitaka yote mawili yanakidhulumu kiti cha kukandwa. Anayekandwa kitini amevaa nguo zake zote. Hapakwi mafuta, halali, na hakuna mlango wa kufunga. Anaegemeza kifua mbele, uso unakaa kwenye pete ya sponji, mikono inapumzika juu ya kibao, na baada ya dakika 10 hadi 20 anarudi kazini. David Palmer, mkandaji wa San Francisco, alikiingiza sokoni kiti cha kwanza cha aina hii mwaka 1986, na alichokuwa akikitafuta ni huduma inayomfikia mtu wa kawaida palepale alipo bila kumvua nguo. Hoja hiyo inatufaa Mikindani na Kilwa Masoko pengine kuliko ilivyowafaa wao California: mama mwenye baibui anaweza kukandwa na mwanamke mwenzake, barazani, watu wakipita, bila kufungua kifungo hata kimoja.

Na anayesema haya ni mageni amemsahau kinyozi wake. Akishamaliza kunyoa, huanza kukanda kichwa, kisogo na mabega, na wateja wanaongoja zamu hawaoni ajabu yoyote.

Tatizo ni kwamba tunapozungumzia kiti hiki tunamfikiria karani wa benki, mtu ambaye tayari ana kiti chenye mgongo na feni juu ya kichwa. Tumfikirie mbanguaji wa korosho. Kwenye banda, mmoja yuko kwenye mashine ya kukata: mkono mmoja unaweka korosho kwenye visu, mwingine au mguu unasukuma wenzo, tendo lilelile mara maelfu kwa siku. Pembeni yake kuna anayechokoa kiini kwa kisu chembamba, kichwa kimeinama. Mbele zaidi wanakaa wanaomenya ganda la ndani na kuchambua madaraja, macho kwenye sinia, mabega yamepanda juu kidogo kwa sababu meza iko juu mno kwa kigoda. Hakuna anayebeba mzigo mzito hapo, ndiyo maana watu hudhani ni kazi nyepesi. Lakini msuli ulioshikilia kichwa kilichoinama kwa saa nne haupumziki hata sekunde, damu inapita humo kwa shida, na jioni mtu anahisi mshipi wa maumivu kutoka kisogoni hadi kwenye bega. Fundi cherehani wa sokoni anaujua mshipi huo. Karani wa chama cha msingi cha ushirika anayeandika stakabadhi msimu wa minada anaujua pia, na mama aliyekaa juu ya mbuzi akikuna nazi za shughuli ya watu mia mbili hahitaji kuelezwa.

Je, kukandwa kunasaidia? Utafiti unaotajwa kila mara ni ule wa mwaka 1996 wa Tiffany Field na wenzake, Chuo Kikuu cha Miami. Watu wazima 26 walikandwa kitini kwa dakika 15, mara mbili kwa wiki, kwa wiki tano. Wengine 24 waliketi kwenye kiti kilekile, kwa muda uleule, wakapumzika tu bila kuguswa. Hapa pana jambo ambalo wauzaji wa viti hulipita haraka, nalo ndilo la thamani. Kama kundi la pili lingekuwa limeachwa likiendelea na kazi, tungesema faida yote ni ya mapumziko: mpe mtu yeyote robo saa ya kukaa kimya, atajisikia vizuri. Lakini wote walipumzika, na huzuni ilipungua kwa makundi yote mawili. Tofauti ilijitokeza kwingine. Waliokandwa walifanya hesabu kwa haraka zaidi na kwa makosa machache zaidi, ilhali waliokaa tu hawakubadilika, na vipimo vya mawimbi ya ubongo vilionyesha waliokandwa wako macho zaidi badala ya kusinzia. Mwisho wa wiki tano, msongo wa kazi ulikuwa umeshuka kwa waliokandwa peke yao.

Weka hilo mbele ya meza ya kuchambua madaraja, ambako kiini kizima na kiini kilichovunjika vina bei tofauti, na umakini wa jicho la mtu aliyechoka ndio unaoamua kipi kinaingia kwenye sinia lipi. Sisemi kwamba utafiti wa Miami umeuthibitisha ubora wa korosho za Newala; hesabu za karatasini si kuchambua korosho, na watu 50 ni wachache. Ninachosema ni kwamba faida iliyopimwa ni ya umakini na msongo, na hiyo ni bidhaa tofauti na "dawa ya mgongo" inayotangazwa.

Maana kwenye dawa ya mgongo ushahidi unageuka. Jaribio la mwaka 2014 la Karen Sherman na wenzake kule Marekani liliwagawa watu 228 wenye maumivu sugu ya shingo katika vipimo tofauti vya kukandwa kwa wiki nne. Waliopata dakika 60 mara mbili au tatu kwa wiki walipata nafuu ya wazi. Waliopata dakika 30, hata mara tatu kwa wiki, hawakutofautiana vya kutosha na waliokuwa kwenye orodha ya kusubiri bila kukandwa. Kama 30 hazikutosha, 15 za kitini zitatibu nini? Mapitio ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaokusanya na kupima tafiti za tiba, ya mwaka 2015 kuhusu maumivu ya kiuno yalikusanya majaribio 25 yenye watu 3,096, na kuhitimisha kwamba nafuu ipo kwa muda mfupi, lakini ushahidi wenyewe ni dhaifu. Na yale madai kwamba masaji hushusha homoni ya msongo, kotisoli, yalipopimwa upya mwaka 2011 katika mapitio ya tafiti nyingi, athari ilionekana ndogo mno, mara nyingi karibu na sifuri. Hata kwa Miami, kotisoli ilishuka siku ya kwanza tu. Habari za "kutoa sumu mwilini" hazistahili hata aya.

Kwa hiyo anayemwahidi mbanguaji kwamba kiti kitamponya shingo iliyouma miaka mitatu anamdanganya. Anayemwambia kwamba jioni atageuza shingo kwa urahisi zaidi, na akirudi mezani atafanya kazi akiwa macho zaidi, yuko ndani ya mipaka. Nafuu hiyo haidumu, na kwa sababu hiyo mara moja kwa mwezi, siku ya sherehe ya kampuni, ni mapambo.

Wapo wapinzani wengine wenye hoja nzito kuliko ya ushahidi: kwamba kiti kinamfichia mwajiri kosa. Meza iko juu, kigoda kiko chini, taa hafifu, halafu badala ya kurekebisha analetwa mkandaji. Wana haki. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri aondoe hatari, na kusugua palipoumizwa si kuondoa hatari. Mbao mbili chini ya kigoda, hadi viwiko vilingane na uso wa meza, zinagharimu chini ya siku moja ya mkandaji, na zianze hizo. Ila meza ikisharekebishwa, kichwa bado kitainama, kwa sababu korosho iko chini na macho yako juu. Hapo ndipo kiti kinapata kazi yake halali.

Kazi yenyewe haihitaji kiti cha kuagiza. Kiti cha mbao chenye mgongo, kikigeuzwa na kuwekwa mto kifuani, kinamtosha mwanamume. Kwa aliyevaa gauni au khanga, kukalia kiti hivyo hakupendezi, basi akae kwa kawaida mbele ya meza yenye mito miwili na kuegemeza paji la uso juu ya mikono. Kiti cha plastiki kisitumike: mkandaji akiegemea, miguu yake hutanuka juu ya sakafu laini na mtu huenda naye. Mabega ya anayekandwa yawe usawa wa kiuno cha mkandaji, ili uzito wa mwili ndio ubonyeze badala ya vidole.

Dakika ya kwanza ni ya maswali. Mbili zinazofuata ni za viganja bapa juu ya mabega, kushuka polepole. Kisha kando ya uti wa mgongo, vidole viwili kutoka kwenye mfupa, kila upande, kwa kuegemea na kuachia. Juu ya pingili zenyewe habonyezi mtu. Dakika nne za hapo zikiisha, huja mfupa bapa wa bega na msuli wa juu ya bega, unaobanwa kwa kigasha, si kwa ncha ya kiwiko. Kisogo hukandwa kwa nyuma tu, kuanzia panapoishia nywele. Mbele na pembeni mwa shingo pana mishipa mikubwa ya damu, hapaguswi, na shingo haialishwi (haipindwi ghafla hadi ilie) kwa mtu wa namna yoyote. Kwa mbanguaji na fundi cherehani, dakika nne za mwisho ziende kwenye mkono: chini ya kiwiko, kigasha chote, kisha nyama ya shina la kidole gumba. Watu husahau mkono, na ndio uliofanya kazi. Kipimo cha nguvu ni kumwuliza: kwenye kumi, maumivu yasipite tano. Anayejikaza na kushika pumzi amepitishwa kipimo.

Mbanguaji ana tahadhari yake pekee. Mafuta ya ganda la korosho huunguza, na ngozi ya viganja mara nyingi imebambuka hata kwa aliyejipaka majivu. Palipo na kidonda pasiguswe, na mkandaji asiyenawa atahamisha mafuta hayo hadi kwenye shingo ya mtu. Pete ya uso ivishwe kitambaa safi kwa kila mtu na kufutwa kwa spiriti; kwa jasho la Novemba hapa kwetu, kitambaa kimoja kwa watu kumi ni njia ya kugawana fangasi. Anayeinuka ghafla huweza kuona kizunguzungu, hasa alasiri ya Ramadhani, basi akae wima dakika moja kwanza.

Mwenye homa, mguu mmoja uliovimba na kuuma, mfupa uliovunjika karibuni, au anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda asikandwe. Mjamzito asikandwe bila kwanza kuuliza kliniki. Na maumivu ya mgongo yanayoamsha mtu usiku, yanayofuatana na kukonda au jasho la usiku, yaende hospitali, kwa kuwa kifua kikuu cha mgongo nacho huanza hivyo. Ganzi ya miguu au mkojo usiozuilika ni dharura ya siku hiyohiyo. Nyumbani, ile desturi ya mtoto kumkanyaga mama mgongoni iachwe: mtoto hajui mfupa uko wapi, wala mama mwenye mifupa dhaifu hajijui.

Mipango mingi hufia kwenye hesabu. Banda la watu 40, mara mbili kwa wiki, ni vipindi 80. Mkandaji mmoja akizidisha watu 12 kwa siku, vidole gumba vyake ndivyo vitakavyougua, kwa hiyo 80 ni karibu siku saba za mtu mmoja katika wiki ya siku sita. Wawili wanahitajika, au waanze wanaoumwa zaidi. Kwa mfanyakazi, dakika 30 kwa wiki ya saa 45 ni zaidi kidogo ya asilimia 1 ya muda.

Nani anailipa asilimia hiyo? Wabanguaji wengi hulipwa kwa kilo. Robo saa akiwa kitini, sinia halijai, na mwajiri hapotezi kitu. Ukiiweka kwenye saa ya chakula, umeichota kwenye dakika 60 ambazo Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa anayefanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo. Kabla ya kununua kiti, basi, uongozi uandike bei ya dakika 15 kwa wastani wa kilo za mfanyakazi mwenyewe na kuilipa. Bila hilo watakaokaa kitini ni msimamizi na mtunza stoo, na kiti kitaonekana anasa kama walivyosema.