Barabara Ziunganishwe Kabla Viwanja Havijauzwa

Jiji linapopanuka, mjadala huwa juu ya nyumba: ziwe ngapi, za ghorofa ngapi, za bei gani. Kwangu mimi swali zito ni barabara. Nyumba hubomolewa ikajengwa nyingine, lakini barabara ikishapimwa na viwanja vya kandokando kupewa hati, huwa vigumu mno kuihamisha. Jiji la Barcelona, Hispania, mpaka leo linaishi ndani ya mpango wa mhandisi Ildefons Cerdà wa mwaka 1859, wenye vitalu, yaani maeneo ya majengo yaliyozungukwa na barabara, vya mita 113 kila upande.

Tupige hesabu kidogo. Vitalu vya mita 100 kwa 100 hutoa makutano 100 hivi na kilomita 20 za barabara katika kila kilomita ya mraba. UN-Habitat, shirika la Umoja wa Mataifa la makazi, inapendekeza makutano 80 hadi 100 na kilomita zisizopungua 18. Kitalu kikiwa cha mita 200, barabara zinapungua nusu, lakini makutano yanabaki 25 tu.

Uharibifu huanza pale kila mwenye shamba anapopima eneo lake peke yake: lango moja barabara kuu, na ndani barabara zote zinaishia ukutani. Nyumba mbili zilizopeana mgongo, mita 30 tu kati yake, zinatenganishwa na mzunguko wa kilomita nzima. Mtoto ambaye angetembea kwenda shule anapandishwa gari, na magari yote asubuhi yanabanana kwenye mdomo mmoja. Basi likiingia halina pa kutokea. Hata maji hutuama kwenye bomba lisiloendelea.

Marekani ilifuata mtindo huu kwa miongo mingi, hadi katikati ya miaka ya 1990 ulipoanza kupungua. Mwaka 2009 jimbo la Virginia liliweka sharti: kitongoji kipya kisichoungana na jirani zake, jimbo halitunzi barabara zake.

Kwa hiyo ramani isipitishwe mpaka barabara zifike kwenye mpaka wa shamba jirani, tuseme kila mita 200, na ncha hizo zisajiliwe kuwa mali ya umma. Pawekwe kibao kwamba barabara itaendelea. Bila hivyo, kiwanja cha mwisho kitauzwa, au wakazi watapinga jirani atakapotaka kuunganisha. Palipokwisha kujengwa, halmashauri ivizie kiwanja kinapouzwa, ikate njia ya miguu ya mita 3, iwe fupi, yenye taa, na inayoonekana mwisho wake.