Nilimwalika Chozi

Kosa lilianzia kwenye simu. Nilitumiwa video ya bibi kizee mmoja wa Uingereza, kasimama bustanini kwake na kofia ya sufu, kakunjua kiganja chenye mbegu, mara kandege kadogo kenye kifua chekundu hako, kametua kidoleni. Niliitazama mara saba. Nikajiambia, mimi hapa Tabata nina mwarobaini mzima uani, nakosa nini?

Ndege niliyemtaka ni chozi. Yule mdogo, mdomo umepinda kama sindano ya kushonea magunia, na dume lake akipigwa na jua anang'aa kama kitenge kipya. Nilimwona mara moja tu akipita, akaniingia moyoni.

Jumamosi nikarudi kutoka sokoni na kilo ya mtama na nusu kilo ya uwele. Mke wangu akauliza, "Baba Shani, tumeanza kufuga kuku?"

"Tunafuga mandhari," nikamjibu. Hakusema kitu. Bora angesema.

Nikatoboa sinia la plastiki matundu matatu, nikalipitishia kamba za katani, nikalining'iniza tawini. Mtama, uwele, ukoko wa wali, na andazi la chai nikalimegua juu yake. Chozi akija, akose nini?

Siku ya kwanza walikuja sisimizi. Ya pili, shomoro wanne, nikawapiga picha kama maharusi. Siku ya tatu akatua ukutani bwana mmoja mweusi, shingo ya kijivu. Hakukimbilia chakula. Alitazama sinia, akanitazama mimi, akainamisha kichwa upande akatazama sinia tena, kama fundi anayekagua kazi kabla ya kutaja bei. Kisha akachukua kipande kimoja cha andazi, akaenda zake. Nikasema maskini, mmoja tu, naye ale.

Kesho yake walikuwa ishirini na sita. Baada ya hapo niliacha kuhesabu.

Mzee wa nyumba ya pili alikuja na bakora yake kunipa somo. "Mwanangu, kunguru hao si wa kwetu. Kwao India. Waingereza ndio waliowaleta Unguja, miaka ya 1890 huko, eti wale taka za mji. Taka zipo mpaka leo, na wao wapo, na bahari wamevuka. Watu wametega mitego, wametia sumu, wewe unawapelekea andazi?"

Nilikuwa sina jibu, na hata ningekuwa nalo asingelisikia kwa zile kelele. Kila siku, saa kumi na mbili asubuhi haijafika, walishajipanga juu ya bati. Nikichelewa, wanaligonga kwa midomo. Mama Mwajuma wa jirani akapoteza sabuni mbili za kufulia, tena moja ikiwa bado na povu. Tukavumilia. Lakini vifaranga vyake tisa vilipobaki sita, aliniita kwa jina langu kamili, la kwenye kitambulisho.

Nikalishusha sinia. Nikadhani mambo yameisha.

Asubuhi natoka kwenda kazini, kitu kikanipiga kisogoni kwaa! Nageuka, cha pili. Mke wangu akapita palepale, salama. Watoto wakapita, salama. Muuza maji akapita na mkokoteni wake, akasimama kabisa kujifuta jasho, salama. Nikichungulia mimi tu, mwarobaini mzima unalipuka. Nilijaribu mwavuli, wakatua juu yake. Nikajifunga kanga ya mke wangu kichwani, nikatoka nikijishikashika kiuno kama mama mja mzito. Walinigundua kabla sijafika getini. Nadhani ni mwendo.

Mwisho nikaazima helmeti kwa kijana wa bodaboda. Wiki mbili nikawa naanika nguo na helmeti, natupa taka na helmeti. Kijiweni vijana wakapata la kusema: "Shikamoo mzee. Tunaambiwa kunguru hafugiki, wewe umewezaje?"

Jumapili moja niko uani nafagia, kioo cha helmeti kimejaa mvuke, nikasikia Shani anapiga kelele. "Baba! Ndege wako yule!"

Mgomba wa Mama Mwajuma umeinamia kwetu kidogo, na ua lake lilikuwa limening'inia juu ya ukuta. Pale kwenye ua palikuwa na kitu kinang'ang'ania kichwa chini miguu juu, kinachomeka mdomo ndani.

"Huyo?" Mama Mwajuma akauliza kutoka upande wa pili, hata hakusimama kwenye beseni lake. "Huyo yupo hapa kila siku. Lakini mtama hali huyo, anafyonza maua. Kwani ulikuwa unamtafuta yeye?"

Kupitia ule mvuke niliona kivuli tu. Nikavua helmeti nimwone vizuri.

Juu ya bati, walikuwa wanasubiri hilohilo.