Mwezi wa Mjomba

Mjomba ndiye aliyetupandisha juu ya paa, sisi sote, hadi Shangazi na magoti yake. Darubini ilikuwa imemning'inia shingoni tangu mchana.

Ilikuwa 7 Septemba 2025. Mwezi ungekaa dakika 82 ndani kabisa ya kivuli cha dunia, na huko tulikokuwa ungechomoza ukiwa umeshapatwa. Hapo ndipo penye balaa: mwezi wa namna hiyo hutoka umefifia, tena kwenye anga ambalo bado halijaingia giza sawasawa.

"Tutazame mkabala na jua linakozama," nikasema. "Mwezi hupatwa ukiwa mpevu tu, na mwezi mpevu..."

"Mimi nimeona mwezi ukipatwa wewe hujaota meno."

Nikanyamaza. Mkubwa ni mkubwa.

Jua likazama. Mashariki hakuna kitu. Shangazi, aliyeegemea ukuta wa paa, akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa nguo, akaivaa, akaguna, akaivua tena.

"Ule kule!" Mjomba akapiga ukelele. "Mwekundu kama damu!"

Kweli, kitu chekundu kilikuwa kinang'aa juu ya mapaa. Simu zikainuliwa. Mjomba akashika hotuba: mwanga wa jua unapopenya hewa ya dunia, buluu hutawanyika, nyekundu hupinda na kwenda kuuangukia mwezi. Haki isemwe, sayansi yake haikuwa na kasoro. Mwenye kasoro alikuwa mwezi wenyewe. Uliwaka, ukazimika, ukawaka.

"Mjomba, mbona unakonyeza?"

"Wingu linapita."

"Kila sekunde?"

"Huko juu kuna upepo."

Darubini ikapita mkono kwa mkono mpaka ikamfikia mpwa wangu mdogo. Akatazama, akarekebisha, akatazama tena.

"Kwa nini mwezi una ngazi?"

Hakuna aliyemjibu. Taa ya mnara wa simu ikaendelea na kazi yake.

Katika ukimya huo ndipo Shangazi alipolalamika. "Miwani hii nimeifuta mpaka basi. Doa halitoki."

"Doa gani?"

"Si hilo. Kila nikitazama upande ule, lipo."

Tukafuata kidole chake. Doa lilikuwa mviringo, rangi ya kutu, na lilikuwa limeshapanda kitambo juu ya upeo wa macho huku sisi tumelipa mgongo. Tuliwahi kuutazama vizuri kabla ukingo mmoja haujaanza kung'aa na kivuli kuanza kuuachia. Ulikuwa mzuri ajabu, na Shangazi alidai sifa zote.

Ila Mjomba alikuwa ameshatuma video kwa ukoo mzima kabla ngazi haijagunduliwa. Pongezi zikamiminika. Binamu mmoja, aliyechelewa kuiona, akauliza kwa unyenyekevu kama mwezi huo utapatwa tena lini.

Mjomba akakuna kichwa, akaandika: "Kila usiku."