Msiite miguu ya Carmen Amaya kipaji tu

Kila nikifungua video za Carmen Amaya, mchezaji wa flamenko, ile dansi ya Hispania ya gita, makofi na visigino, nakuta watu wameandika yale yale, huyu alizaliwa nayo, huyu ni damu ya Kigitano, yani ya Wajipsi wa Hispania, inachemka, huyu hakufundishwa na mtu. Wanaandika kwa mapenzi kabisa na nawaelewa, hata mimi siku ya kwanza kumuona nilisahau chai mpaka ikapoa. Ila kadiri ninavyomsoma huyu mama hayo maneno yananiuma, na nitasema kwanini.

Mimi nacheza ngoma kwenye kikundi, tunaitwa kwenye harusi na sherehe za watu. Mwaka fulani tumemaliza shughuli, jasho linatiririka, tunaenda kuchukua hela yetu tunaambiwa ipunguzwe, na mwenye shughuli anatueleza kwa upole kabisa kwamba nyie mna kipaji, mnacheza tu mnafurahi, hii kwenu si kazi. Yule mama hakuwa mbaya hata kidogo. Aliamini anatusifia. Tangu siku hiyo nikisikia "amezaliwa nayo" naanza kuangalia ni nani anataka kulipwa kidogo.

Sasa Carmen. Alizaliwa Somorrostro, mabanda yaliyokuwa ufukweni kabisa pale Barcelona, bahari ikichafuka mnaikuta ndani. Mwaka wengine wanaandika 1913 wengine 1918, na siwashangai maana banda la ufukweni nani alikuwa na muda wa makaratasi. Baba yake José Amaya, walimwita El Chino, alikuwa anapiga gita kwenye mabaa usiku na binti anacheza, hajafika hata miaka kumi, halafu wanaokota sarafu wanarudi nyumbani. Mama yake Micaela naye alicheza, na kwenye ukoo kulikuwa na Juana, yule maarufu kwa jina la La Faraona. Yani mtoto anaamka gita, analala gita, kila usiku ana mtihani mbele ya walevi ambao wakichoka hawatoi kitu, halafu mtu anakuja kuniambia hakufundishwa? Hakwenda shule ya dansi, hilo kweli. Lakini alisoma kuliko wengi waliokwenda.

Na alichosoma ni kigumu. Watu wanadhani flamenko ni kupandwa na mashetani tu na kupiga miguu kwa hasira, kumbe chini yake kuna hesabu, wenyewe wanaiita compás. Chukua soleá, mtindo mmoja wa flamenko, mzunguko wake ni mapigo 12 na mkazo unaangukia kwenye 3, 6, 8, 10 na 12. Jaribu hapo ulipo, piga makofi, utaona mwanzo unatembea kwa tatu tatu halafu ghafla unageuka wa mbili mbili, na mwili ambao haujazoea unajikwaa palepale. Bulería, mtindo mwingine, ina familia hiyohiyo ya 12 ila inakimbia. Mchezaji anatakiwa abebe hiyo hesabu ndani huku mwimbaji anavuta sauti anavyojisikia, mpiga gita anajibu, wapiga makofi wanasukuma, na yeye ndiye anayetoa ishara kwa mguu kwamba sasa tunapanda, sasa tunafunga. Sisi wa ngoma tunalijua hili, mpiga ngoma na mchezaji wanaongea, mchezaji akikosea neno ngoma nzima inayumba. Carmen alikuwa haongei tu, alikuwa anaongoza mazungumzo.

Ndo maana napenda kuwaambia watu wasikilize zile santuri alizorekodi na Sabicas mpiga gita. Kusikiliza tu, usiangalie kitu. Utasikia gita, utasikia visigino, na baada ya dakika kadhaa utagundua visigino ni chombo kamili kama lile gita, kila pigo limetenganishwa na lenzake hata kwenye mbio kali, halafu kuna sehemu anashusha mpaka inakuwa kama mvua ya mbali kwenye bati. Hasira haikupi usafi ule. Usafi ule unatoka kwenye kurudia na kurudia na kurudia mpaka magoti yanalia.

Kuna la suruali pia. Enzi zake mwanamke wa flamenko alitegemewa acheze zaidi kwa mikono, kiuno na gauni lenye mkia mrefu, ile kazi ya miguu ya kasi ikawa ni ya wanaume. Yeye akavaa suruali ya kubana iliyopanda kiunoni, akasimama wima kama mkuki akawafanyia kazi yao mbele yao. Kwa suruali hakuna gauni la kuficha goti likitetereka, kila kosa linaonekana. Mtu anayetegemea bahati havai vile.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyoanza Hispania 1936 vilimkuta yuko kazini Valladolid. Akatokea Lisbon, akapanda meli mpaka Buenos Aires, na huko Amerika akakaa mpaka 1947. Argentina, Mexico, Cuba, halafu Marekani, 1942 yuko Carnegie Hall, ule ukumbi mkubwa wa New York. Vituko vya kipindi hiki vinasimuliwa sana, kile cha kukaanga samaki chumbani kwenye hoteli kubwa ya New York kinarudiwa kila mahali, na mimi sikipendi kwa sababu mtu anakumbuka samaki anasahau kwamba kwenye ule msafara alikuwemo baba yake, ndugu zake kina Paco, Leonor, Antonia na María, na wengine wa ukoo, na jina lililokuwa linauza tiketi ni moja. Miguu miwili ilikuwa inalisha nyumba nzima. Akiumwa Carmen, wameumwa wote.

Na aliumwa kweli. Figo zilimsumbua, inasimuliwa kwamba jasho la jukwaani ndo lilimsaidia kutoa sumu mwilini, kwa hiyo watu wanageuza hata hilo kuwa shairi, eti dansi ilimweka hai. Mi naona mwanamke mgonjwa anayeenda kazini. 1963 akiwa hali yake mbaya alicheza kwenye filamu ya Los Tarantos, filamu ambayo baadaye ilifika kwenye orodha ya walioteuliwa Oscar, na tarehe 19 Novemba mwaka huohuo akafariki kwake Begur, huko Hispania. Hata ukichukua ule mwaka wa mbali zaidi wa kuzaliwa, alikuwa na miaka 50.

Barcelona walimjengea chemchemi yenye jina lake kule Barceloneta mwaka 1959, yeye mwenyewe akahudhuria uzinduzi. Miaka saba baadaye mabanda ya Somorrostro yakavunjwa. Leo ni ufukwe wa watalii, jina limebaki, na natamani pale pawepo hata ubao mmoja unaosema hapa mtoto alikuwa anafanya kazi usiku.

Kwenye ile filamu ya Los Tarantos kuna sehemu amekaa mezani tu, anagonga mbao kwa vifundo vya vidole. Uso umechoka, macho yameingia ndani, na mkono unahesabu bila kupoteza hata pigo moja, ukiongezeka taratibu mpaka watu wote wanavutwa. Juzi nilimuonyesha binti wa dada yangu, ana miaka tisa, yuko kwenye kikundi chetu cha watoto. Hakusema "ana kipaji". Aliuliza, "Mama mdogo, ile amefanya mazoezi siku ngapi?" Nikamwambia tangu akiwa mdogo kuliko wewe. Akavuta kiti, akaanza kugonga meza yetu ya chakula, moja mbili tatu, akapotea kwenye ya saba, akaanza tena.